Maumivu Yasiyopewa Jina: Historia ya Kuutambua Ugonjwa wa Endometriosisi

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi wanadamu walivyojaribu, tangu zama za kale hata siku zetu, kuijua sababu ya maumivu makali ya nyonga na ya hedhi ambayo huwashika wanawake wengi mwezi baada ya mwezi, yakawaharibia kazi, masomo, ndoa na uzazi. Katika nchi zetu jambo hili hunenwa kwa sauti ya chini, faraghani, baina ya mama na binti, au baina ya somo na mwali wake. Lakini jambo linalonenwa kwa sauti ya chini huandikwa kwa nadra, na lisiloandikwa huwa taabu kulichunguza.

Maumivu ya namna hii yana sababu nyingi. Yaweza kutoka katika vivimbe vya kizazi, au katika maambukizo ya mirija ya uzazi, au katika ugonjwa wa nyama ya kizazi chenyewe. Moja ya sababu kubwa ni ugonjwa ambao matabibu wanauita endometriosisi. Katika ugonjwa huu, tando zilizo mfano wa utando wa ndani wa kizazi huota mahali pasipo pao: juu ya ovari, yaani vifuko vya mayai, juu ya ngozi laini iliyofunika matumbo, juu ya kibofu, na pengine mbali zaidi ya hapo. Tando hizo hufuata amri ya homoni kama zifuatavyo zile za kizazini. Huvimba na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Matokeo yake ni uvimbe, makovu, kugandamana kwa viungo, maumivu, na mara nyingine ugumba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ugonjwa huu huwapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani karibu asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Na kwamba tangu dalili zianze hata ugonjwa ujulikane hupita, kwa wastani, miaka 4 hata 12.

Ni ajabu kwamba ugonjwa ulioenea kiasi hicho uchukue miaka mingi hivyo kutambuliwa ndani ya mwili wa mtu mmoja. Sababu mojawapo ni ugumu wa ugonjwa wenyewe, kwani umejificha ndani. Lakini historia inaonyesha sababu nyingine. Katika kila zama mwanamke alisema kwamba anaumwa, na katika kila zama aliulizwa, kwa maneno au kwa kimya, kama asemalo ni la kuaminiwa. Jibu la swali hilo ndilo lililochelewesha mengine yote.

Mambo ya kale

Ushahidi wa kwanza tulio nao umetoka katika bara letu. Mwaka 1889 Flinders Petrie, mchimbuzi wa mambo ya kale, alifukua huko Kahun katika Misri karatasi za mafunjo zilizokadiriwa kuandikwa karibu na mwaka 1825 kabla ya Kristo. Sehemu yake moja ni kitabu cha maradhi ya wanawake. Humo mna orodha ya malalamiko ya wagonjwa, mna sababu zilizodhaniwa, na dawa zake, mafukizo yakiwa miongoni mwa dawa hizo. Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki asomaye habari za mafukizo hayo hataona ugeni mkubwa. Waandishi wale waliyatia maumivu ya macho, ya miguu na ya viungo vingine katika hesabu ya kizazi. Walikosea mengi, lakini walianza na neno la mgonjwa.

Wayunani walifuata njia nyingine. Katika vitabu vilivyokusanywa kwa jina la Hippocrates, vya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, kizazi kilisemwa kuwa chaweza kuondoka mahali pake na kutembea mwilini, kikabana ini au kifua na kumpotezea mwanamke pumzi. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Timaeus, alikieleza kizazi kuwa kama mnyama mwenye tamaa ya kuzaa, ambaye akikaa muda mrefu bila matunda hukasirika na kutangatanga. Kutokana na mawazo hayo ushauri ulikuwa mmoja: mwanamwali anayeumwa na aolewe upesi, na akishika mimba atapona. Yafaa msomaji aukumbuke ushauri huu, maana tutakutana nao tena mbele.

Haikuwa kwamba wote walikubali. Soranus wa Efeso, tabibu aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2 baada ya Kristo, alikanusha kwamba kizazi hutambaa kama mnyama wa mwituni, akafundisha kwamba mkazo na uvimbe ndivyo vyanzo vya maumivu. Lakini fikira ya Wayunani ilikuwa na maisha marefu. Iliingia katika utabibu wa Kiarabu, na Ibn Sina katika kitabu chake kiitwacho al-Qanun alieleza habari za maradhi yaliyoitwa kusongwa kwa kizazi. Katika lugha hiyo ya Kiarabu kizazi huitwa rahim, jina lenye asili moja na neno letu rehema. Katika Kiyunani kizazi huitwa hystera, na kutoka katika jina hilo Wazungu wakapata neno histeria, yaani ugonjwa wa mwanamke apigaye kelele bila sababu ionekanayo. Hivyo kiungo kimoja kimezaa maneno mawili: moja la huruma, na moja la shutuma. Katika zahanati za Ulaya lile la pili ndilo lililotawala kwa muda mrefu.

Kisu kabla ya ujuzi

Karne ya 19 ilileta dawa za kulaza na ujuzi wa kuzuia uchafu katika upasuaji. Matabibu wakapata ujasiri wa kufungua tumbo la mtu aliye hai. Ujasiri huo ulitangulia ujuzi. Mwaka 1872 Robert Battey, daktari katika mji wa Rome, jimbo la Georgia, Marekani, alianza kuwaondolea wanawake ovari zao ili kuwaponya maumivu ya hedhi na misukosuko ya akili iliyodhaniwa kutokana nayo. Aghalabu ovari hizo hazikuonekana kuwa na kasoro yoyote. Upasuaji huo ulipewa jina lake, ukaenea Marekani, Uingereza na Ujerumani kwa miaka mingi. Wako wanawake walioufuata wenyewe kwa kuwa maumivu yamewashinda. Wako waliopelekwa na jamaa zao. Wengi walipoteza uwezo wa kuzaa, na wengine walipoteza maisha, kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuutaja jina.

Wakati huo huo, katika mji wa Vienna, ujuzi ulikuwa ukikua taratibu mahali pengine, yaani katika chumba cha maiti. Carl von Rokitansky, mmoja wa mabingwa wa uchunguzi wa maiti, mwaka 1860 aliandika juu ya vivimbe vyenye tezi zilizofanana na zile za utando wa kizazi, lakini zikiwa zimeota mahali pasipo pake. Wataalamu wa historia ya utabibu bado wanabishana iwapo alichokiona ndicho tunachokiita leo endometriosisi. Wengine humpa sifa hiyo Thomas Cullen, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Cullen alikusanya vipande vya nyama kutoka kwa wagonjwa wengi, akavitazama kwa hadubini, na mwaka 1908 akatoa kitabu kikubwa juu ya tezi hizo zilizopenya katika nyama ya kizazi. Yeye alionyesha kwamba tezi za kizazini na zile za nje ni za jamii moja.

Tunaona hapa jambo la kutazamwa sana. Mwanamke aliyekuwa hai akilia aliitwa mwenye histeria. Nyama yake ilipokatwa na kulazwa chini ya kioo, iliaminiwa. Kioo kilipewa heshima ya shahidi ambayo mdomo ulikuwa umenyimwa.

John Sampson na siku za hedhi

Jina la ugonjwa lilitolewa na John Sampson, daktari wa Albany katika jimbo la New York. Mwaka 1921 alichapisha makala juu ya vivimbe vya ovari vilivyojaa damu nzee, nyeusi na nzito, ambavyo yeye alivifananisha na chokoleti. Aliona kwamba vivimbe hivyo hupasuka, na kwamba mahali damu yake ilipodondokea huota tando mpya. Katika miaka iliyofuata alitumia neno endometriosisi, na mwaka 1927 akaeleza kwa urefu nadharia yake: wakati wa hedhi, damu kidogo pamoja na chembe za utando hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, zikaanguka tumboni na kuota huko kama mbegu.

Ubora wa kazi ya Sampson ulitokana na uamuzi mmoja ulio rahisi kuusema. Alipanga baadhi ya upasuaji ufanyike wakati mgonjwa yumo katika siku zake. Hapo aliiona damu katika mirija, akaviona vidonda vikivuja. Kwa maneno mengine, alikwenda kutazama wakati ule ule ambao wanawake walikuwa wakisema siku zote kwamba ndio wakati wa maumivu.

Baadaye nadharia yake ilijaribiwa. Huko Johns Hopkins, katika miaka ya 1950, wanyama jamii ya nyani walipasuliwa na vizazi vyao vikageuzwa ili damu ya hedhi imwagikie tumboni, na baadhi yao wakapata ugonjwa. Lakini imejulikana pia kwamba damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi, ilhali wengi wao hawaugui. Basi mbegu peke yake haitoshi. Kuna na habari ya udongo, yaani homoni, kinga ya mwili na urithi wa nasaba. Sababu kamili bado inatafutwa.

Ushauri wa Boston

Jina lilipokwisha patikana, mtu angetazamia kwamba njia itakuwa nyepesi. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1940 Joe Vincent Meigs, daktari mashuhuri wa Boston, alianza kuandika kwamba ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa wanawake wenye mali waliokuja kwake kwa malipo kuliko kwa maskini waliolazwa katika wodi za bure. Akakata shauri kwamba sababu ni kuchelewa kuolewa na kuchelewa kuzaa, akahimiza watu wa tabaka lake waoe mapema na kupata watoto mapema. Kutokana na mafundisho ya namna hiyo endometriosisi ikaja kuitwa ugonjwa wa wanawake wenye kazi za ofisi.

Msomaji ataona kwamba baada ya miaka elfu mbili na zaidi ushauri wa Wayunani ulikuwa umerudi, umevaa koti jeupe. Meigs alikuwa mpasuaji hodari, na ni kweli kwamba ujauzito huweza kupunguza dalili kwa muda, kwa kuwa hedhi hukoma. Lakini alisahau kuuliza ni nani aliyepata nafasi ya kuchunguzwa. Tajiri aliyelalamika alifunguliwa tumbo na ugonjwa ukaonekana; maskini aliyelalamika alipewa dawa ya maambukizo na kurudishwa nyumbani. Hesabu ya wagonjwa ilikuwa kwa hakika hesabu ya walioaminiwa.

Kwa fikira hiyo hiyo ya mimba kuwa dawa, Robert Kistner, naye wa Boston, alijaribu katika miaka ya 1950 kutumia homoni mpya zilizotengenezwa ili kuufanya mwili udhani una mimba. Jambo hili lilikuwa na faida ya kweli, na dawa za ukoo huo zinatumika mpaka leo kutuliza ugonjwa. Vidonge vya Enovid vilikubaliwa Marekani mwaka 1957 kwa ajili ya matatizo ya hedhi, miaka mitatu kabla ya kukubaliwa kwa kupanga uzazi.

Ushahidi wa kemia

Mwaka huo huo wa 1957, katika mji wa Sheffield, Uingereza, mtaalamu aitwaye V. R. Pickles alitangaza kwamba ndani ya damu ya hedhi mna kitu kinachoikaza misuli. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kitu hicho ni cha jamii ya prostaglandini. Kizazi hukazwa nacho mpaka damu ikashindwa kupita katika nyama yake, na mwanamke huhisi maumivu kama ya mtu ahisiye misuli ya moyo imekosa damu. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za namna yake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Waswahili husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa karne nyingi wasiokilalia kitanda hiki ndio walioamua kama kina kunguni. Sasa kunguni walikuwa wamepatikana na kuhesabiwa. Hapana mtu mwenye elimu aliyeweza tena kusema kwamba maumivu ya hedhi ni mawazo matupu. Na hata hivyo walisema.

Jicho la kuonea tumboni

Kizuizi kimoja kilikuwa kimebaki. Ili kuuona ugonjwa ilibidi tumbo lipasuliwe, na daktari husita kumpasua mtu kwa ajili ya kutazama tu. Njia mpya ilikuwa imeanza zamani: mwaka 1901 Georg Kelling wa Ujerumani alitia chombo cha kuonea ndani ya tumbo la mbwa, na mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alifanya hivyo kwa wanadamu. Raoul Palmer wa Paris aliiendeleza kwa maradhi ya wanawake katika miaka ya 1940. Baada ya kupatikana nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga baridi, Patrick Steptoe wa Oldham, Uingereza, alitoa kitabu chake mwaka 1967 kuieleza kazi hiyo. Tangu hapo laparoskopi ikawa kipimo cha hakika: tundu dogo karibu na kitovu, na ndani yake jicho.

Chombo hicho kilikuja kuvunja imani iliyokuwa imejengwa na hesabu za kina Meigs. Vitabu vingi vya mafunzo vilisema kwamba endometriosisi ni nadra kwa wanawake weusi. Mwanamke mweusi wa Marekani aliyeumwa nyonga aliambiwa ana maambukizo ya viungo vya uzazi, na ndani ya neno hilo mlikuwa na lawama juu ya mwenendo wake. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari mweusi wa Chicago, alichapisha matokeo ya laparoskopi alizowafanyia wanawake weusi. Aliona ugonjwa kwa idadi isiyo ndogo, na kati yao walikuwamo wengi waliokuwa wametibiwa kwa maambukizo ambayo hawakuwa nayo. Ugonjwa haukuwa nadra; kilichokuwa nadra ni kutazamwa.

Habari ya Hilary Mantel

Ili msomaji aone jinsi mambo haya yalivyomfika mtu mmoja, nitataja habari za Hilary Mantel, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, ambaye aliyaeleza maisha yake mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 2003. Alizaliwa mwaka 1952. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Sheffield, mji ule ule wa Pickles, alikwenda kwa madaktari akilalamika maumivu. Alipewa dawa za kuondoa huzuni; zilipomdhuru alipelekwa kwa madaktari wa akili, akapewa dawa kali zaidi, na akashauriwa aache kuandika. Kadiri alivyosema kwamba anaumwa mwilini, ndivyo maneno yake yalivyohesabiwa kuwa dalili ya wazimu.

Mwaka 1977 alihamia Botswana pamoja na mumewe. Huko, akisoma kitabu cha utabibu, alikuta maelezo ya ugonjwa yaliyofanana na yake neno kwa neno. Hakuna daktari aliyemwambia; alijisoma mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa London na ugonjwa ukaonekana, lakini ulikuwa umeenea mno. Aliondolewa kizazi na ovari, na tumaini la kuzaa likaisha. Baadaye alipata tuzo ya Booker mara mbili, mwaka 2009 na 2012. Akafariki mwaka 2022. Kitu alichokuwa amekosa katika ujana wake hakikuwa cha gharama. Elimu ilikuwapo, jina lilikuwapo, chombo kilikuwapo. Alikosa mtu wa kumsadiki.

Mwaka 1980, katika mji wa Milwaukee, Marekani, Mary Lou Ballweg na Carolyn Keith walianzisha chama cha wagonjwa wenyewe. Chama hicho kilikusanya habari kutoka kwa wanawake kwa karatasi za maswali, kikaanza kujenga kumbukumbu ya ugonjwa kwa maneno ya wenye kuugua. Kazi hiyo yafaa ihesabiwe katika historia ya elimu, si katika historia ya faraja peke yake.

Kiswahili na neno chango

Sasa tugeukie kwetu. Wanawake wa Kiswahili hawakukosa jina. Neno litumikalo sana ni chango, au chango la uzazi, ambalo kwa matumizi ya watu ni maumivu ya tumbo la chini yanayokuja na hedhi, na ambayo hudhaniwa kuzuia mimba. Neno hili lina sifa moja isiyopatikana katika neno histeria: huyaweka maumivu tumboni, mahali yalipo, wala halimtuhumu mgonjwa kwamba ameyabuni. Bibi amwambiaye mjukuu wake ana chango amekwisha kubali kwamba mjukuu anaumwa.

Lakini neno hilo lina hasara yake. Ni kapu kubwa, na ndani yake mmetiwa maradhi mengi: endometriosisi, vivimbe vya kizazi, maambukizo, hata maradhi ya matumbo. Anayeambiwa ana chango huona kwamba amekwisha kujua ugonjwa wake, akanywa mizizi na kungoja. Tena huambiwa kwamba ndiyo hali ya wanawake, na kwamba akizaa yatakwisha. Hapo Hippocrates, Meigs na bibi zetu wamekutana katika kauli moja, ingawa hawakusomana. Asiyeweza kuzaa kwa sababu ya ugonjwa wenyewe amepewa dawa ambayo ugonjwa wake umemzuia kuipata.

Juu ya hayo, laparoskopi hupatikana katika hospitali kubwa za miji tu, na kwa gharama ambayo wengi hawaiwezi. Watu wengi wa Kenya waliyasikia mambo haya kwa mara ya kwanza kwa kinywa cha Mary Njambi Koikai, mtangazaji, ambaye ugonjwa wake ulikuwa umepanda mpaka mapafuni, jambo la nadra lakini lijulikanalo. Alianza kuumwa akiwa msichana, akakaa miaka mingi bila kutambuliwa ugonjwa wake, akasafiri mpaka Atlanta kutafuta matibabu kwa michango ya watu. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Yeye hakuficha, alisema hadharani mambo yaliyokuwa yakinong'onwa, na wasichana wengi wakajua kwamba maumivu yao yana jina.

Hitimisho

Mwaka 2022 Jumuiya ya Ulaya ya Uzazi wa Binadamu na Embriolojia ilitoa mwongozo mpya. Ndani yake laparoskopi haihesabiwi tena kuwa kipimo ambacho bila hicho ugonjwa hauwezi kukubaliwa. Daktari aweza kuanza na maelezo ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili, na picha za mawimbi ya sauti au za sumaku, kisha akaanza matibabu. Upasuaji wa kutazama huwekwa kwa ajili ya wale ambao picha hazikuonyesha kitu au dawa hazikuwasaidia. Sababu zake ni za kitaalamu: picha zimekuwa bora, na upasuaji una hatari zake. Tena imejulikana kwamba ukubwa wa vidonda vionekanavyo haulingani na ukubwa wa maumivu. Mwenye vidonda vichache aweza kuumwa kuliko mwenye vingi. Lakini kwa mtazamaji wa historia, mwongozo huo una maana nyingine. Baada ya chumba cha maiti, hadubini, kisu na jicho la tumboni, neno la mgonjwa limerudishwa katika baraza la mashahidi, likapewa kiti cha mbele.

Kwa nchi zisizo na vyombo vya kutosha, jambo hili ni la faida kubwa. Kusikiliza hakuhitaji umeme. Muuguzi wa zahanati ya shamba aweza kuuliza: maumivu huanza siku gani, huisha siku gani, humzuia mtu kwenda shule au kazini, humpata wakati wa haja kubwa au wa tendo la ndoa, dawa za kawaida humtuliza au la? Mwanamke aweza kuyaandika majibu hayo katika daftari kwa miezi mitatu na kulichukua kwa daktari.

Lakini maswali hayo yatahitaji maneno. Wajibu wa wenye kuishughulikia lugha ni kulitenganisha kapu la chango, ili kila ugonjwa uliomo upate jina lake, na majina hayo yaingie katika vitabu vya shule na vya wauguzi kwa Kiswahili kinachoweza kusemwa bila haya mbele ya baba na mbele ya mama. Neno endometriosisi ni refu na geni, na pengine wataalamu watapata lililo bora. Hata likibaki lilivyo, si gumu kuliko maneno mengine ambayo ulimi wetu umekwisha yazoea. Msichana wa miaka kumi na mitatu azimiaye darasani kila mwezi hana miaka kumi na miwili ya kungoja mpaka tukubaliane.